SIMU YA WAIFAI SOKONI: NI NANI ANAYELIPA?

(Haya ndiyo maneno aliyoyasema Katibu wa Elimu wa tawi mbele ya wanachama wa Lumakanda, Kaunti Ndogo ya Lugari. Yamepigwa chapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria kwa sababu ya zamu.)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme juu ya simu ile ambayo mtu huipiga bila kununua muda wa maongezi, akisimama tu mahali penye waifai. Najua wako vijana hapa wanaoyajua mambo haya kuliko mimi, nao watanivumilia. Najua pia wako wazee wanaosema ya kwamba hiyo ni michezo ya watoto, na kwamba chama kina kazi kubwa zaidi, yaani kazi ya mishahara. Hao nawajibu hivi: kila shilingi ambayo mfanya kazi anaiweka ndani ya simu yake imetoka katika mshahara ule ule ambao sisi tunaugombania. Tukiongezwa shilingi mia kwa mwezi, halafu mia hiyo ikaliwa na simu, tumeongezwa nini?

Tena sisi wa Lumakanda tuna sababu yetu wenyewe. Mji huu haukuanza zamani sana. Wazazi wetu walifika hapa katika miaka ya sitini, baada ya mashamba ya walowezi kukatwa vipande katika mpango ule wa kugawa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962. Walitoka kila pembe ya nchi ya Waluhya, na wengine kutoka mbali zaidi, wakawaacha ndugu zao huko nyuma. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza huu ni mji wa watu ambao jamaa zao wako mbali. Kisha watoto wakakua, shamba likawa halitoshi, wakaenda kutafuta kazi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Kiwanda cha sukari cha Mumias kikatiwa mikononi mwa mfilisi mwaka 2019. Vijana ambao wangelala nyumbani na kwenda kazini kwa baiskeli sasa wako Nairobi, Mombasa, Qatar na Saudia. Mama aliyebaki hapa hana njia ya kuusikia mwili wa mtoto wake ila kwa simu.

Sasa nitaeleza kwa maneno machache jinsi mtambo huu unavyofanya kazi, maana mtu asiyejua chombo hawezi kudai haki yake juu ya chombo hicho.

Simu ya zamani, ile ya waya, ilikuwa kama kukodi barabara nzima. Ukimpigia mtu Mombasa, njia ya kutoka hapa mpaka kule ilikuwa yenu wawili tu, hata mkinyamaza, nanyi mlilipia kila dakika. Simu ya intaneti haifanyi hivyo. Sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo, kwa kawaida hamsini kwa kila sekunde moja, na kila kipande kinaandikwa anwani kama bahasha ya posta. Bahasha hizo hutupwa katika njia kuu pamoja na bahasha za watu wengine wote, barua, picha, nyimbo, filamu, na mtambo wa yule unayezungumza naye huzikusanya na kuzipanga upya ziwe sauti. Bahasha ikichelewa hutupwa, kwa kuwa neno lililochelewa halina faida tena. Ndiyo sababu sauti wakati mwingine hukatika katika kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Waifai yenyewe ni kipande cha mwisho tu cha safari hiyo. Ni redio ndogo iliyo ndani ya kisanduku, inayosikika mita chache, labda mia moja mahali palipo wazi. Ukuta wa mawe huidhoofisha na mabati huikata kabisa. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: redio hiyo hufuata utaratibu wa mkutano wetu huu. Hawasemi wawili kwa pamoja. Kila simu iliyoshikamana na kisanduku hungoja iwe kimya, ndipo ipate nafasi yake. Watu wakiwa kumi mambo ni mazuri. Watu wakiwa mia siku ya soko, kila mmoja anangoja wenziwe, na hapo mtu hulaumu simu yake bure.

Lakini angalieni, sauti ni mzigo mwepesi sana. Dakika moja ya kuongea kwa WhatsApp hula karibu nusu megabaiti tu. Ukifungua na picha, mkawa mnaonana nyuso, mzigo unaongezeka mara kumi au zaidi. Na kijana mmoja anayetazama mpira kwa picha safi huweza kuchukua nafasi ya watu ishirini na zaidi wanaozungumza tu. Simu ya sauti ni kibuyu cha maji, filamu ni gunia la mahindi. Neno hili mliweke akilini, nitalirudia.

Mtu atauliza, kama jambo ni rahisi hivi mbona halikuwako zamani? Liliwezekana, ila lilikatazwa. Mpaka mwaka 2004 Telkom Kenya peke yake ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kupitisha simu za kwenda ng'ambo, na mwenye duka la kompyuta aliyewapigisha watu simu za intaneti alikuwa akivunja sheria. Tena intaneti yetu yote ya kwenda nje ilipita kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu. Ukisema neno, robo ya sekunde inapita kabla halijafika, na jibu nalo hivyo hivyo, mwishowe wote wawili mnasema pamoja na wote wawili mnanyamaza pamoja. Mwaka 2009 waya za baharini ziliingia Mombasa, kwanza TEAMS mwezi wa Juni, kisha SEACOM mwezi wa Julai, na hapo ndipo simu ya namna hii ikawa kitu cha kusikilizana. WhatsApp ilianza kupitisha sauti mwaka 2015. Sasa hata mwenye simu ya bei ndogo aweza kuongea na Dubai, mradi tu njia iwe wazi.

Nisiwe mtu wa kusifu upande mmoja. Nafuu hiyo ililipiwa na wafanya kazi wenzetu. Wapiga nguzo, waunga waya, mabinti na mabwana wa kuunganisha simu, maelfu waliachishwa kazi Telkom ilipokatwa kutoka shirika la zamani mwaka 1999 na ilipouzwa kwa Wafaransa mwaka 2007. Wako waliokaa miaka mingi mahakamani wakidai malipo yao. Basi tunaposema simu ni bure, tukumbuke kwamba iko familia iliyokosa mkate kwa ajili ya ubure huo.

Na sasa nafika kwenye swali lililoandikwa juu ya karatasi yenu. Ni nani anayelipa?

Ukisimama chini ya kisanduku cha waifai na kumpigia dada yako simu bila kukatwa shilingi, usidhani ya kwamba hakuna aliyekatwa. Yuko anayelipia umeme. Yuko anayelipa kodi ya mlingoti. Yuko anayelipa kila mwezi kwa kampuni yenye waya wa kioo. Kama ni hoteli, wewe umelipa ndani ya bei ya chai. Kama ni kaunti au Serikali, umelipa ndani ya kodi. Kama ni kampuni kubwa ya ng'ambo, umelipa kwa kutazama matangazo yake na kwa habari zako zinazochukuliwa. Hakuna ubaya, maana kila kazi ina ujira wake. Lakini yafaa tumjue anayelipa, kwa sababu siku atakapochoka kulipa, kisanduku kitazimika na wewe hutakuwa na mtu wa kumlalamikia. Mtu aliyenunua aweza kudai. Mtu aliyepewa aweza kushukuru tu.

Haya si maneno ya kutisha watu. Tumeyaona. Mwaka 2020, mwezi wa Julai, kampuni ya Loon pamoja na Telkom Kenya zilirusha maputo makubwa juu ya magharibi ya nchi yetu, kilomita 20 angani, karibu maputo 35, kila moja likiwa mlingoti wa simu unaoelea. Kakamega ilikuwa katika orodha, na Eldoret, na Kisumu, na Baringo. Mawaziri walisifu, magazeti yalisifu, wazungu walipiga picha. Mwezi wa Januari mwaka 2021 wenye maputo wakatangaza ya kwamba biashara haiwalipi, na mwezi wa Machi huduma ikakoma. Je, kuna mtu wa Lugari aliyeulizwa? Hakuna. Facebook nayo ilikuwa na mpango wa waifai ya bei ndogo, Express Wi-Fi, uliofika mpaka Kenya, nao ulifungwa mwaka 2022. Hata Skype, iliyofundisha ulimwengu kupiga simu za intaneti tangu mwaka 2003, ilifungwa Mei 2025. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa hata si ndugu zetu.

Serikali nayo imeahidi. Tangu mwaka 2022 Serikali ya Rais William Ruto imesema itaweka waifai ya bure mahali 25,000 katika nchi nzima, hasa masokoni, na kutandaza kilomita 100,000 za waya wa kioo. Na kabla yake, mwaka 2014, mji wa Nakuru ulianzishiwa waifai ya mitaani iliyoitwa Bilawaya, jina zuri kweli kweli. Sisi hatupingi. Twataka sehemu yetu. Ila twataka na jambo la pili, ambalo halisemwi siku ya kukata utepe: kila kisanduku kiwe na karatasi ukutani inayosema ni cha nani, ni nani anayekitengeneza, na mtu ampigie nani kikinyamaza. Mimi mwenyewe nimekwenda ofisi moja kuuliza juu ya kisanduku kilichokuwa kimezimika, nikatumwa ya pili, na ya pili ikanituma ya tatu, na ya tatu ikanirudisha ya kwanza. Nauli ilikuwa yangu. (Vicheko.)

Fedha za kazi hii ziko. Kila kampuni ya simu yenye leseni hutakiwa kutoa nusu ya asilimia moja ya mapato yake katika Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ili mawasiliano yafike mahali ambapo kampuni hazioni faida. Yaani kidogo cha kila shilingi uliyoongea nacho kiko ndani ya mfuko huo. Tena katika kila shilingi ya simu na ya bando mna ushuru wa asilimia 15, ulioshushwa kutoka 20 na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na juu yake VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo tunapodai waifai sokoni hatuombi sadaka.

Na msikubali kuambiwa kwamba simu ya kawaida ni ghali kwa sababu ya asili yake. Ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine ili kupokea dakika moja ya simu ilikuwa shilingi 4.42 mpaka mwaka 2010, ndipo ikakatwa nusu. Machi 2024 ilishushwa mpaka senti 41. Mwenye kalamu na apige hesabu, aone bei yake yeye imeshuka namna hiyo au haikushuka.

Sasa nizungumze juu ya watoto wetu walio Ghuba ya Uarabuni. Hapa naomba mnisikilize sana, wale wa nyuma pia.

Msichana anayefanya kazi za nyumbani Riyadh au Dammam mara nyingi hana laini yake ya simu. Anapiga kwa waifai ya nyumba ya mwajiri. Maana yake ni kwamba sauti yake iko mikononi mwa mwajiri. Akigombana naye juu ya mshahara, waifai inabadilishwa neno la siri, na mama hapa Lumakanda anadhani mtoto amempuuza. Mwaka 2025 Amnesty International ilitoa taarifa juu ya Wakenya wanaofanya kazi za nyumbani Saudia, na moja ya mambo waliyoyasema wanawake hao ni kunyang'anywa pasi na simu. Kunyang'anywa simu kila mtu ataita uovu. Kuzimiwa waifai huonekana jambo dogo, kumbe ni mlango ule ule uliofungwa.

Tena sheria za nchi hizo hazifanani. Saudia ilikuwa ikizuia simu za intaneti mpaka Septemba 2017, ndipo ikaziruhusu. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi na kuruhusu programu chache tu zilizopewa kibali huko, kama BOTIM. Mtu akifika Dubai, asiposikika siku ya kwanza kwa WhatsApp, si lazima awe amepatwa na mabaya. Wazazi wengi wamekosa usingizi kwa kutojua jambo hilo moja.

Kwa hiyo Halmashauri inashauri hivi. Kabla mtoto hajapanda ndege, mpatane naye siku ya juma ya kusikika, na mpatane siku ngapi za kimya zinatosha kuwafanya mwende kutoa habari. Namba za nyumbani azijue kwa kichwa, na aziandike katika karatasi aishone ndani ya nguo, kwa kuwa namba zilizo ndani ya simu hupotea pamoja na simu. Mshahara wa kwanza ukipatikana, anunue laini ya nchi ile kwa jina lake mwenyewe, hata kama waifai ya nyumba iko. Na katika mkataba iandikwe wazi ya kwamba atakaa na simu yake na kwamba saa fulani za kuongea na watu wa kwao ni zake. Chama cha KUDHEIHA ndicho chama cha wafanya kazi za nyumbani katika nchi yetu. Anayekwenda apite kwao kwanza, asingoje mpaka matatizo yawe yamempata.

Hapa nyumbani nako simu hii ya bure ina makali yake. Zamani msimamizi akikutaka nje ya saa za kazi alikuwa akilipia simu, kwa hiyo alifikiri mara mbili. Sasa halipii kitu. Amewatia wafanya kazi wote katika kundi moja la WhatsApp, na saa nne za usiku anauliza habari za magunia. Usipojibu, asubuhi wewe ni mkaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwaka 2022 ulipelekwa Seneti mswada wa Seneta Samson Cherargei wa Nandi, uliotaka mfanya kazi awe na haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa zake, au alipwe. Waajiri waliupinga vikali. Sisi tuliweke jambo hili katika mapatano yetu ya pamoja, kifungu kwa kifungu. Saa ya kujibu simu ya kazi ni saa ya kazi.

Nimesema tusitegemee cha kupewa. Basi tufanye nini?

Tangu mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni ya namna ya pekee kwa ajili ya mitambo ya intaneti ya jamii. Hutolewa kwa kikundi cha watu wa mahali, kisicho cha kutafuta faida, na mipaka yake ni kaunti ndogo moja. Kaunti ndogo moja! Ni kama waliipima Lugari. Huko Kibera wako watu, TunapandaNET, ambao wamefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, wakirusha intaneti kutoka paa moja mpaka paa lingine hadi kwenye shule na vituo vya vijana. Sisi tunajua ushirika. Wazee wetu walianza na vyama vya maziwa na vya mahindi. Kuna tofauti gani kati ya kununua trekta kwa ushirika na kununua njia ya intaneti kwa ushirika?

Nawapa mfano tu, si bei. Wanachama 60 wakitoa shilingi 100 kwa mwezi, ni 6,000. Hiyo ni fedha ya kuanza nayo mazungumzo na mwenye kuuza njia. Lakini muwe waangalifu katika mambo matatu. Mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani hukataza kuuza tena au kugawa kwa majirani, kwa hiyo tununue ile inayoruhusu, tusije tukakatiwa katikati ya mwezi. Tuwe na betri, kwa maana umeme ukipotea kisanduku hufa hata kama simu yako imejaa chaji. Na sheria yetu ya ndani iwe ile ya kibuyu na gunia: kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu za usiku sauti zipite kwanza, filamu zingoje. Mtambo waweza kupangwa hivyo. Njia ya megabiti kumi kwa sekunde, ambayo vijana wanne wa mpira wataimaliza, inatosha kwa makumi ya watu wanaoongea na jamaa zao.

Lipo na neno la hadhari. Mahali pa waifai ya watu wote mtu yeyote aweza kuweka kisanduku chake na kukipa jina lile lile la soko. Ukurasa ukijitokeza na kukuuliza namba ya siri ya M-PESA ili upewe intaneti, huyo ni mwizi, ondoka. Hakuna waifai inayohitaji namba hiyo. Maongezi ya WhatsApp yenyewe yamefungwa kwa ufunguo tangu mwaka 2016, mwenye kisanduku hawezi kuyasikiliza. Lakini jirani aliyeketi nawe kwenye benchi anayasikia yote, na mambo ya mgomo yamevuja benchini mara nyingi kuliko kwenye waya.

Tena simu hii haifiki 999 wala 112. Mgonjwa akizidiwa, au nyumba ikishika moto, piga kwa laini ya kawaida. Kila mtu aiweke laini yake ikiwa hai kwa ajili ya siku hiyo, hata akizoea namna gani simu ya bure.

Nimemaliza niliyoagizwa. Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Mama mmoja wa sokoni aliuliza: Mimi nina simu ya vitufe tu, isiyo na WhatsApp. Haya yote yananisaidia nini, ila kunitoza shilingi mia kwa faida ya wenye simu kubwa?

Jibu: Swali lako ni la haki, na ni lazima kundi litakaloanzishwa lilijibu kabla ya kukusanya hata senti moja. Fikira ya Halmashauri ni kuwa na simu mbili za chama, zikae ofisini, na mwanachama yeyote aje kuongea na mtoto wake kwa zamu, kama tulivyofanya zamani kwenye kibanda cha simu, ila bila kutia sarafu. Asiyekubaliana na mchango asilazimishwe.

Dereva mmoja aliuliza: Sisi wa malori ya barabara ya Malaba hatukai hapa. Tutapata wapi?

Jibu: Leseni ya jamii haitoki nje ya kaunti ndogo. Lakini mahali mnapolala malori ni mahali pa kazi. Dai hilo liende kwa waajiri wenu kupitia chama chenu, liandikwe pamoja na choo na maji.

Kijana mmoja aliuliza: Kwa nini tusinunue Starlink tukamaliza neno?

Jibu: Iliingia Kenya Julai 2023, na kwa sauti ni nzuri, kwa kuwa setilaiti zake ziko karibu, kama kilomita 550, si zile za 36,000. Yaweza kuwa ndiyo njia yetu. Lakini soma mkataba wa kugawa kwanza, na ukumbuke ya kwamba yule mwenye setilaiti naye ni tajiri wa mbali kama wale wa maputo. Tununue kwake ikibidi, ila mlingoti, betri na kisanduku viwe vyetu, ili akiondoka tubadili njia tu.

Mzee mmoja aliuliza: Karatasi ya majina iko wapi?

Jibu: Iko kwa Mweka Hazina, pale mezani chini ya dirisha. Andika jina, namba ya kadi, na mahali unapokaa, ili tujue paa gani linaona paa gani. Walioko zamu ya usiku wataletewa karatasi yao siku ya Jumatano.